Taji la Mfalme Marehemu

Wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, tarehe 25 Novemba 1918, askari waliobaki wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki, walipangwa mstari mjini Abercorn, mji ambao leo ni Mbala ya Zambia, wakaziweka silaha zao chini mbele ya Waingereza. Lettow aliandika baadaye hesabu ya vilivyokabidhiwa: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, bunduki 1,071 na risasi zipatazo 208,000. Kisha akaongeza, kwa majivuno yasiyofichika, kwamba katika mrundo ule haikuwamo hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani. Zote zilikuwa za Waingereza na za Wareno. Jeshi la Kaiser lilikuwa limeishi kwa mali ya watu, na siku ya mwisho likarudisha vya watu.

Nyingi za hizo za Kireno chanzo chake ni Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, ambako Lettow aliivamia kambi ya Wareno tarehe 25 Novemba 1917. Mwaka mmoja kamili kabla ya Abercorn, siku ile ile. Meja João Teixeira Pinto aliyeiongoza kambi hiyo aliuawa, na kabla jua halijatua askari waliovuka mto wakiwa na njaa na risasi za kuhesabu walikuwa wamejaza mikoba. Wengi wao waliitupa Mauser yao ya zamani papo hapo na kuchukua bunduki ya Mreno.

Aina moja ya bunduki hizo inastahili kukaliwa kitako. Inaitwa Mauser-Vergueiro, mfano wa 1904, kwa jina la ofisa wa Kireno aliyeibadilisha bolti yake. Ureno iliagiza bunduki hizi kutoka kiwanda cha Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken cha Berlin, na jina hilo refu limegongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Juu kabisa, pale mtutu unapoingia katika mwili wa bunduki, limechorwa taji na chini yake herufi zilizosukwa za Carlos wa Kwanza, Mfalme wa Ureno. Mfalme huyo alipigwa risasi mjini Lisbon tarehe 1 Februari 1908, yeye na mwanawe mrithi. Mwaka 1910 ufalme wenyewe ukafutwa. Kwa hiyo siku ile ya Ngomano bunduki iliyotengenezwa na Wajerumani ilinyang'anywa na jeshi la Wajerumani kutoka kwa askari wa jamhuri, ikiwa bado inatangaza kwamba ni mali ya mfalme aliyekwisha kuzikwa, katika nchi ambayo wafalme walikwisha kufukuzwa. Na aliyeibeba tangu hapo alikuwa Mnyamwezi, Msukuma au Mmanyema, ambaye hakuna herufi hata moja juu ya chuma kile iliyomhusu.

Nimezunguka na bunduki hiyo kichwani kwa muda mrefu, na imenifundisha kuzisoma nyingine zote. Chapa ya bunduki ya kijeshi huchukuliwa na wengi kuwa habari: imetengenezwa wapi, lini, na nani. Mimi naiona ni madai. Kila aliyeigonga alikuwa anasema "hii ni yangu" au "mimi nimeithibitisha", na alisema hivyo kwa sababu alijua kuna siku itakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mali isiyoibika haipigwi chapa.

Wala hakuna serikali iliyowahi kugonga herufi kwenye mtutu ili kumfurahisha mwanahistoria. Ziligongwa kwa ajili ya bwana bohari, anayetaka kujua kama bunduki zilizotoka jana kwenda shabaha ndizo zilizorudi. Kwa ajili ya mhasibu wa wizara, anayemlipa mwenye kiwanda kwa idadi iliyopita ukaguzi na si zaidi. Na kwa ajili ya hakimu wa kijeshi, siku askari atakapodai kwamba aliyopoteza haikuwa yake. Ukiyakumbuka macho hayo matatu, alama nyingi zinazoonekana kama mafumbo hujifungua zenyewe.

Wajerumani ndio waliolifikisha jambo hili mbali kuliko wengine. Ichukue Mauser ya mwaka 1871, ile ya risasi moja moja, ya milimita 11, iliyokuwa bado mikononi mwa askari wengi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita vilipoanza mwaka 1914. Ilitumia baruti nyeusi. Kila ukifyatua linapanda wingu jeupe linalomwambia adui mahali ulipojificha, na ndiyo maana hakuna aliyeililia ilipopatikana nyingine. Ubavuni kushoto imeandikwa kwa herufi za Kigothi "I.G. Mod. 71", yaani bunduki ya askari wa miguu, mfano wa 71. Juu ya mtutu kuna jina la mahali: Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt, au Steyr ya Austria. Kisha, karibu kila kipande, hata skrubu ambayo huioni mpaka uifungue, kina taji dogo juu ya herufi moja, au tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki.

Taji na herufi ni mkaguzi. Herufi ni mwanzo wa jina lake. Taji ni mamlaka aliyokopeshwa. Kwenye Gewehr 98, bunduki ya baadaye, upande wa kulia wa mwili wa chuma zipo tatu kwa mfuatano, kila moja imegongwa na mtu aliyeridhika na hatua yake ya kazi na kuipeleka mbele. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma kigumu chenye herufi nchani, na nyundo. Pigo moja, na jina lake lilikuwa rehani: kama bunduki ingepasuka usoni mwa askari, herufi zingejulikana ni za nani. Watu hao walifanya kazi hiyo mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, na leo wapo watafiti wanaoweza kukuambia kwamba mwenye "T" wa kiwanda fulani alihamia kiwanda kingine mwaka fulani kwa kuifuata alama yake tu. Sijui kama nawahusudu au nawaonea huruma watafiti hao. Labda yote mawili.

Namba nayo ina adabu yake. Kiwanda cha Kijerumani hakikuhesabu bila kikomo. Kilianza na 1 kila mwaka, kikifika kiasi cha elfu kumi kinarudi mwanzo na kuongeza herufi ndogo: a, kisha b, kisha c. Kwa hiyo Gewehr 98 yenye namba 4512 na "c" chini yake ni kama ya 34,512 kutoka kiwandani mwaka huo. Mtu mwenye bunduki za kutosha zilizookotwa vitani anaweza, kwa penseli na subira, kukadiria kiwanda cha adui kinatoa kiasi gani. Katika vita vya pili vya dunia washirika walifanya hesabu ya namna hiyo kwa namba za vifaru vya Kijerumani vilivyotekwa, na makadirio yao yakawa karibu na ukweli kuliko taarifa za majasusi. Wajerumani wenyewe walikuwa wameihisi hatari hiyo. Kuanzia miaka ya 1930 waliyaondoa majina ya viwanda kwenye silaha wakaweka siri: kiwanda cha Mauser cha Oberndorf kikawa "S/42", baadaye "byf", mwaka 1934 ukawa "K", na 1935 "G". Chapa iliyozaliwa ili kutangaza ikaanza kuficha, na bado ikabaki chapa, kwa kuwa bwana bohari wa Berlin alikuwa na daftari lenye ufunguo.

Halafu kuna chapa ya kikosi, kwenye bamba la chuma la mwisho wa kitako. Tuseme imeandikwa 82.R.6.114. Maana yake ni kikosi cha 82 cha askari wa miguu, kampuni ya 6, silaha ya 114. Hapo ndipo kanuni ilipokoma. Daftari la kampuni ndilo lililojua silaha ya 114 iko kwa nani wiki hii. Jina la mtu halikugongwa, na kwa mantiki ya jeshi ni sawa: askari anakufa, anahama, anatoroka, anapandishwa cheo, lakini kampuni ya 6 ipo tu. Chuma kiliandikiwa kile kinachodumu.

Waingereza walikuwa wapole zaidi wa karatasi na wagumu zaidi wa mshale. Mshale mpana wenye miguu mitatu, kama unyayo wa kuku, ndio alama yao ya mali ya serikali tangu karne nyingi, na waliupiga kwenye kila kitu kuanzia mizinga hadi mashuka ya wafungwa. Kila koloni liliuvika nguo yake. Ukiukuta umo ndani ya herufi C, ni Kanada. Ukiwa na I chini yake, ni India. Ukiwa ndani ya U, ni Muungano wa Afrika Kusini, na bunduki ya namna hiyo ikionekana Tanzania, jambo la kwanza kulifikiria ni wanajeshi walioletwa na Jenerali Smuts mwaka 1916.

Niliwahi kupewa Lee-Enfield fupi niishike, katika chumba cha nyuma cha makumbusho ambako vitu visivyopata nafasi ya kuonyeshwa hulazwa kwenye rafu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na mbao yake ilikuwa na weusi wa mafuta ya mikono pale vidole vinaposhika. Nyuma ya bolti, upande wa kulia, chuma kilikuwa kimegongwa kwa mstari wa kushuka: taji, chini yake G.R.; chini yake ENFIELD; chini yake 1917; mwisho SHT. L.E. na III yenye nyota. Ukipitisha kucha unazihisi herufi zote isipokuwa nyota, ambayo ilikuwa imelika. Nayo nyota ndiyo yenye habari nzito kuliko zote. Inamaanisha kwamba vita vimekula muda na chuma, kwamba vile vikorombwezo vya wakati wa amani vimeondolewa: kibao cha kuzuia magazini, vyombo vya kulengea umbali wa maili moja na ushei. Hata kile kisahani cha shaba ambacho zamani kilizamishwa kwenye kitako ili kiandikwe kikosi, hakikuwapo. Palikuwa mbao tupu. Mahali pengine kwenye chuma kulikuwa na mishale miwili inayotazamana kwa ncha, maana yake serikali imeiuza, mkono wake umetoka. Na kwenye mbao, chini karibu na bamba la shaba la mwisho wa kitako, mtu fulani alikuwa amekata kwa kisu mistari mitatu iliyolala. Kadi ya makumbusho ilieleza yote niliyoyataja isipokuwa hiyo mistari. Si kosa la aliyeiandika kadi. Hakuna kitabu cha kuifafanulia. Huenda ni hesabu ya kitu, huenda ni njia ya askari kuitambua yake gizani kwa kupapasa.

Serikali ilipofika kwetu ilikuja na nyundo zake. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 unakumbukwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, lakini una vifungu vizima vya bunduki. Uliweka mstari juu ya ramani, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, bara zima la katikati, na ndani ya mstari huo ukakataza kuingiza bunduki za kisasa ila kwa ruhusa. Silaha ziwekwe katika bohari la serikali. Inayotoka iandikishwe na kupigwa chapa, na mwenye kuibeba apewe leseni yenye jina lake na alama ile ile iliyo kwenye bunduki. Hapo, kwa mara ya kwanza kwa upana huo, jina la mtu na alama ya chuma vikakutana kwenye karatasi moja. Mwafrika wa kawaida hakutarajiwa kuwa mwenye leseni hiyo. Aliachiwa gobore na baruti yake, na hata hilo kwa masharti.

Naona uzi mmoja kutoka kifungu kile hadi kipande cha Kenya. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya vita, na kuanzia hapo kila mwanamume mzima Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi yenye namba, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, imefungwa katika kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wapo waliokuwa wametoka kubeba mizigo ya jeshi au bunduki ya King's African Rifles ambao walivishwa kikopo hicho. Bunduki yao ilikuwa imerudi ghalani na namba yake. Sasa walikuwa na yao. Simwambii mtu kwamba ofisa mmoja alikaa mezani akaviunganisha hivi viwili. Sidhani hata ilihitajika. Utawala ulioanza na hofu ya kupotelewa huhesabu vyote kwa daftari la namna moja.

Lakini madai yanaweza kuwa ya uongo, na hapo ndipo utambuzi wa chapa unapokuwa mchezo wa watu wazima. Mafundi wa Darra Adam Khel, karibu na Peshawar, wamekuwa wakitengeneza nakala za bunduki za Waingereza kwa tupa, tezo na jicho tangu siku za ukoloni. Nakala nyingine ni kazi ya kuvulia kofia. Ila fundi alikuwa anainakili chapa kama pambo, bila kuisoma, na herufi zikamchongea: N iliyogeuzwa kinyumenyume, ENFIELD iliyopungukiwa herufi, taji lenye V.R. la Malkia Victoria juu ya mwaka ambao malkia alikuwa marehemu zamani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huwacheka mafundi hao. Mimi sioni cha kuchekwa. Fundi alielewa sawasawa kazi ya taji: ni kumfanya mnunuzi aamini. Kama mnunuzi naye hasomi Kiingereza, taji limefanya kazi yake. Cha ajabu ni kwamba bunduki hizo za uongo leo zinasomeka kwa uaminifu kuliko za kweli, kwa kuwa kosa la herufi linakuambia moja kwa moja ni mikono ya wapi iliyoitengeneza.

Kuna njia nyingine ya kubishana na chapa, nayo ni kugonga yako juu yake. Wafini walirithi na kuteka maelfu ya bunduki za Mosin-Nagant zenye tai wa Tsar, wakaandika SA ndani ya kisanduku, yaani jeshi la Ufini. Waisraeli walinunua Mauser kutoka Chekoslovakia zilizokuwa na tai na msalaba wa Hitler, wakazipiga alama yao kando. Kwenye chuma kimoja unaikuta alama ya aliyetaka kuwamaliza na ya waliobaki, sentimita chache kati yao. Hakuna aliyefuta. Pengine hawakuwa na muda, pengine walitaka zionekane zote. Wajerumani wa baada ya 1918 walifanya kidogo tu: mwaka 1920 waligonga "1920" juu ya tarehe ya zamani kuonyesha kwamba silaha hii ni ya jeshi au polisi kihalali, maana mitaani zilikuwa zimejaa ambazo si halali. Ndiyo sababu unaweza kukuta Gewehr 98 yenye miaka miwili kifuani, 1917 na 1920, na mtu asiyejua akabaki kujiuliza ilitengenezwa lini.

Wajapani walichagua kufuta. Bunduki zao za Arisaka zilikuwa na ua la krisanthemu lenye petali 16, alama ya ukoo wa mfalme mkuu, limegongwa juu ya chemba. Baada ya kusalimu amri mwaka 1945, maua hayo yalisagwa kwenye bunduki nyingi mno kabla hazijakabidhiwa, ili kitu chenye alama ya mfalme kisiingie mikononi mwa adui. Ua lililosagwa vibaya huonekana kama kovu, na mikwaruzo ya jiwe la kunolea imekwenda pande zote. Kwa wakusanyaji ua zima ni dalili kwamba bunduki ilichukuliwa vitani kabla ya amri hiyo. Jambo hili linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyokumbuka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka Bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua za 1944 na kufika Kalewa mwezi Desemba. Arisaka walizozikuta kwenye mahandaki zilikuwa na maua yao yote. Si nyingi zilizofika kwetu, kwa sababu askari mweusi hakuruhusiwa kurudi kijijini na bunduki begani kama kumbukumbu, ilhali ofisa alipata namna. Makusanyo ya Uingereza na Marekani yana nyara za vita nyingi, yetu yana chache, na tofauti hiyo haikutokana na nani alipigana.

Nikirudi kwenye chuma: kufuta ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Nyundo inapogonga, haichimbi tu umbo la herufi. Inaisukuma chembechembe ya chuma iliyo chini yake na kuikandamiza, kina zaidi ya jicho linavyoona. Mwizi akiisaga namba kwa tupa mpaka pawe laini, ule mkandamizo bado upo. Maabara za polisi hupang'arisha mahali pale, kisha hupaka tindikali yenye chumvi za shaba, na chuma kilichokandamizwa huliwa kwa kasi tofauti na kile kilichotulia. Kwa dakika chache namba huibuka kama kivuli, mpigapicha huwahi, kisha hupotea. Wenye kuuza silaha kimagendo wamejifunza kuchimba zaidi. Maabara nazo zinasogea.

Ndiyo maana nina ugomvi na watu wa msasa. Wapo wamiliki wa bunduki za zamani, na wapo hata wasimamizi wa makumbusho, ambao wakiona kutu kwanza hutafuta karatasi ya kusugulia. Bunduki inatoka ikimeta kama sufuria ya harusi, na herufi za wakaguzi zimebaki nusu. Kutu ya juu juu hutolewa kwa mafuta na sufi laini ya shaba, polepole, na panapobaki weusi paachwe. Bunduki isiyosomeka ni bomba lenye kipande cha mti.

Watu wa Oman wamefanya jambo ambalo kwangu lina busara ya peke yake. Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya 1871, ilimiminika Muscat mwishoni mwa karne ya 19 wakati bandari hiyo ilipokuwa soko kubwa la silaha la Ghuba, na wengine wa milimani bado wanazihifadhi nyumbani na kuzitoa kwenye sherehe. Herufi za V.R. na taji zipo pale pale zilipogongwa Enfield. Mwenye bunduki hajazigusa. Ameifunga mtutu na mbao yake kwa pete za fedha zilizonakshiwa na sonara wa mjini, pete moja baada ya nyingine, mpaka unapoitazama kwa mbali huoni kitu cha Mwingereza. Madai ya malkia yamebaki ubavuni, madogo, ya kusomwa na anayependa kusoma.

Sisi wa sasa tumerudi kwenye nyundo, ila inatumia umeme. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzipiga alama silaha zote, za serikali na za raia, na kuziandikisha. Makao ya taasisi inayoisimamia, RECSA, yako Nairobi. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulipitisha waraka wake wa kufuatilia silaha, unaosema karibu hayo hayo. Mashine hudonoa chuma kwa sindano ngumu, nukta kwa nukta, hadi herufi na namba zinatokea. Makusudi ni mema: bunduki ya polisi ikikutwa kwenye wizi wa ng'ombe, ijulikane ilitoka ghala gani. Ni swali la bwana bohari yule yule, limepata sababu bora.

Kinachonivutia ni silaha ambayo mashine hizo haziwezi kuanza nayo. Polisi wa Tanzania hutangaza mara kwa mara kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na miongoni mwa zinazoletwa vituoni na kwa watendaji wa vijiji yamo magobore yaliyofuliwa na wahunzi: mtutu wa bomba la maji, kitako cha mninga, mtambo uliotokana na kipande cha springi ya gari. Hayana taji, hayana mwaka, hayana kiwanda. Mhunzi hakuwa na bwana bohari wa kumridhisha, na kijijini kila mtu alijua gobore lile ni la nani. Karani anayelipokea ana fomu mbele yake yenye nafasi ya namba ya silaha, na nafasi hiyo haitakiwi kuachwa wazi. Anaandika namba ya jalada, anaifunga kwa kamba kwenye mtutu, na kumwita anayefuata.